Nani Mateka? Mabishano ya Shika Adabu

Msafiri wa Mombasa akipanda basi la Nairobi huijua Mackinnon Road kwa msikiti ulio kando ya reli na kaburi la Sayyid Baghali. Manyani, mbele ya Voi, anaijua kwa gereza na kwa chuo cha askari wa wanyamapori. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kuanzia mwaka 1954 sehemu hizo mbili zilijazwa maelfu ya wanaume wa Kikuyu, Embu na Meru, wengi wao waliosombwa Nairobi katika msako wa Aprili 24 mwaka huo, wakafungiwa bila kuonana na hakimu. Mkoloni aliwaita wafuasi wa Mau Mau, genge la wauaji. Wao walijiita wapiganaji wa ardhi na uhuru. Je, walikuwa mateka wa vita? Na kama vile vilikuwa vita, vilikuwa vya nani na nani?

Nimezipanga hapa sauti tano, za aina ya watu unaowakuta Shika Adabu, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, saa za jioni kahawa ikipita. Sikuwapa majina. Mzee ni askari jela mstaafu. Mwalimu anafundisha historia sekondari. Wakili ni kijana wa mtaani aliyerudi na shahada. Fundi ana duka la vipuri vya pikipiki kando ya barabara ya Ukunda, na asili yake ni Murang'a. Mama anauza mahamri na mbaazi, Mdigo wa hapa hapa. Mwandishi ataingilia inapobidi.

WAKILI: Tuanze na Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, maana kwake sheria inajifichua wazi. Alikamatwa Oktoba 21, 1956, ana jeraha la risasi. Akashtakiwa kwa kosa gani? Kupatikana na bastola na risasi zake. Februari 18, 1957 akanyongwa gereza la Kamiti. Sasa niambieni: askari wa jeshi gani duniani anahukumiwa kwa kuwa na bunduki? Bunduki ndiyo kazi yake. Akikamatwa anafungiwa, analishwa, vita vikiisha anarudishwa kwao. Ndiyo sababu Uingereza haikukubali hata siku moja kwamba Kenya kuna vita. Ilisema kuna Hali ya Hatari, ikaanza Oktoba 1952 na kwisha Januari 1960. Ndani ya hali hiyo walinyongwa watu 1,090.

MZEE: Mwanangu, unazungumzia jeshi. Jeshi lina sare, lina kambi, lina mkubwa wa kuulizwa. Huyu mwingine mchana analima, usiku anatoka na panga. Utamjuaje?

MWALIMU: Walikuwa na vyeo, Mzee. Waruhiu Itote aliitwa Jenerali China, na yeye mwenyewe alipigania Burma katika jeshi la Waingereza hao hao. Alikamatwa Januari 1954, akahukumiwa kifo. Lakini serikali ilimhitaji awaandikie wenzake msituni barua za mazungumzo, basi hukumu ikabadilishwa, akabaki hai. Kimathi hakuhitajika. Mnaona? Sheria ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni faida ya mtu kwa aliyemshika.

MAMA: Kwa hiyo mateka alikuwa bidhaa.

MWALIMU: Mama umesema.

FUNDI: Mimi mtaniwia radhi, nitaharibu kidogo. Mnasimulia kana kwamba kulikuwa na Mzungu upande mmoja na Mwafrika upande wa pili. Babu yangu alikuwa Manyani. Ndugu yake, tumbo moja, alikuwa homgadi, mgambo wa serikali. Usiku wa Machi 26, 1953, kule Lari, watu zaidi ya 70 waliuawa na Mau Mau, wengi wao wanawake na watoto, nyumba zikatiwa moto wenyewe wakiwa ndani. Kulipokucha homgadi na askari wakaingia kulipiza, nao wakaua watu ambao hawakushika hata kijiti. Hayo ni mapigano ya nyumba moja. Nyinyi wa pwani mnavisoma vita hivi vitabuni. Sisi tunavila mezani kila Krismasi.

Fundi ana haki hapa, na wapo wanahistoria wanaokubaliana naye. Daniel Branch, katika kitabu chake cha mwaka 2009, anayasoma matukio hayo kama vita vya wenyewe kwa wenyewe ndani ya vita vya kupinga ukoloni. Waafrika waliouawa na Mau Mau, kwa hesabu ya serikali, walizidi 1,800. Walowezi wa Kizungu waliouawa walikuwa 32. Ukizitazama namba hizo huwezi kumnyamazisha Fundi.

WAKILI: Sikatai. Lakini hata ukiviita vita vya wenyewe kwa wenyewe, sheria haikuwa kimya. Mikataba ya Geneva ya 1949 ina kifungu cha tatu kinachohusu vita vya ndani ya nchi: aliyeweka silaha chini hauawi, hateswi, hadhalilishwi, hahukumiwi bila mahakama ya kweli.

MZEE: Na anaitwa mateka wa vita?

WAKILI: Hapana. Hapo nakupa, Mzee. Hadhi hiyo ni ya vita vya nchi na nchi. Mpaka mwaka 1977 ndipo itifaki ya nyongeza ilipovihesabu vita vya kupinga ukoloni kuwa vita vya kimataifa. Kimathi alikuwa na miaka 20 kaburini.

MZEE: Basi sheria ilifika mazishi yamekwisha.

WAKILI: Mara nyingi hufika hivyo.

MZEE: Sisi tunayo ya kale zaidi. Baada ya vita vya Badr, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwashika watu wa Makka waliokuja kumuua. Asiyekuwa na mali ya kujikomboa, aliyejua kuandika, alitakiwa awafundishe watoto kumi wa Madina kusoma, kisha awe huru. Na Sura al-Insan inawasifu wanaolisha maskini, yatima na mateka kwa chakula ambacho wao wenyewe wanakitamani. Mateka yule alikuwa adui, msisahau. Hakuulizwa kwanza vita vyake vinaitwaje.

MWALIMU: Ajabu ni kwamba Manyani walifundishana wenyewe. Wafungwa walijiwekea wazee wao, kanuni zao, na waliojua kusoma wakawasomesha wasiojua, wengine wakiandika kwa kijiti mchangani. J. M. Kariuki ameeleza maisha hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1963. Alipitishwa kambi nyingi, na alipigwa kwa kosa la kutorosha barua kwenda kwa wakubwa na wabunge Uingereza.

MAMA: Hebu tueleze mtu akifika Manyani anapokewaje. Watoto wangu wanapita pale kwa basi, hawajui.

MWALIMU: Kwanza anateremshwa kwenye gari moshi au lori, anavuliwa nguo, anapitishwa kwenye maji ya dawa kama ng'ombe anavyooshwa kupe. Waliopitia wamelisimulia hilo tena na tena. Anapewa namba. Halafu ni kuchujwa. Kuna watu wamevishwa gunia kichwa kizima, matundu ya macho tu, wanaitwa gakunia. Unapita mbele yao. Gunia likitikisika, umeandikwa Mau Mau. Hujui ni jirani yako, ni mdai wako, au ni mwanamume mliyegombea mke. Baada ya hapo kuna rangi: mweupe anarudishwa kwao, wa kijivu anapelekwa kambi za kazi karibu na nyumbani, mweusi anabaki au anapelekwa mbali zaidi. Wakaidi wa siasa waliletwa hata huku kwetu, kisiwani Manda, ng'ambo ya Lamu. Na ukitaka kubadilishwa rangi, sharti ukiri kwamba ulikula kiapo cha Mau Mau.

FUNDI: Babu hakukiri kwa miaka mitatu. Aliporudi, shamba lake lina mipaka mipya. Wakati wao wako ndani, serikali ilikuwa inakusanya vipande vya ardhi na kutoa hati, na waliokuwa kwenye kamati ni wale walioshirikiana nayo. Ndugu yake alikuwa mjumbe. Sasa mwulizeni Wakili wenu ni mkataba gani wa Geneva unaorudisha ekari mbili.

Hakuna aliyemjibu, na mimi sina jibu la kumkopesha. Desemba 1954, kwa takwimu za serikali yenyewe, waliofungiwa bila hukumu walikuwa 71,346. Kila mmoja aliacha nyuma shamba, mke, mbuzi au deni. Habari za kambi tunazipata vitabuni. Ya mashamba yanazungumzwa chini kwa chini hadi leo.

WAKILI: Twende Hola, maana ndiyo kambi yetu, iko mkoa wetu, mtoni Tana.

MZEE: Hola niachieni mimi. Sikuwapo, lakini nimeingia kazini kati ya watu walioishi na aibu ile. Machi 3, 1959 walitolewa wanaume 85 wakalime. Walikuwa wamekataa kazi, wakisema wao si wafungwa, hawajahukumiwa na mtu. Kulikuwa na mpango wa maandishi, wa mkubwa wa magereza aliyeitwa Cowan, kwamba wanaokataa walazimishwe. Wakalazimishwa kwa virungu. Kumi na mmoja wakafa. Halafu serikali ikatoa taarifa kwamba wamekufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Maji! Daktari alipopasua maiti zao akaona mifupa iliyovunjika.

MAMA: Na walioshika virungu?

MZEE: Weusi kama mimi. Askari jela. Nalisema bila kuzunguka. Amri ilitoka juu, lakini mkono ulikuwa wetu. Na hakushtakiwa mtu, si aliyeandika mpango, si msimamizi wa kambi, si askari.

WAKILI: Kule London lilizua moto bungeni. Hata mbunge Enoch Powell, ambaye hakuwa rafiki wa mtu mweusi, alisimama Julai 1959 akasema Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha utu nyumbani na kingine Afrika.

MWALIMU: Lakini miaka miwili kabla yake, Juni 1957, mwanasheria mkuu wa koloni, Griffith-Jones, alikuwa amemwandikia gavana akimweleza ni kipigo cha namna gani kinaweza kuhalalishwa, na kwamba jambo lenyewe likifanywa lifanywe kimya. Barua hiyo imo katika maelfu ya majalada yaliyofichwa Hanslope Park, Uingereza, yaliyojulikana mwaka 2011 wakati wazee wa Kenya walipokuwa mahakamani London. Mmoja wa wazee hao, Wambugu wa Nyingi, alinusurika Hola. Alipigwa akadhaniwa amekufa. Juni 2013 Uingereza ikasema inasikitika, ikalipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

FUNDI: Babu alikuwa ameshakufa.

Hapa mazungumzo yangeishia kwenye chuki ya mkoloni, ambayo ni rahisi na haigharimu kitu. Mama hakukubali.

MAMA: Mimi nitauliza la hapa. Agosti 13, 1997, usiku, vijana walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari, wakachukua bunduki, wakachoma. Wakaingia mitaani wakiwasaka watu wa bara. Hatukuviita vita. Lakini msako uliofuata, kila kijana wa Kidigo alikuwa adui. Ndugu yangu alikuwa na miaka 19. Alichukuliwa akiwa na jembe. Alirudi baada ya wiki, vidole havikunjiki. Sasa Wakili, yeye ni nani katika vitabu vyako? Mateka? Mhalifu?

FUNDI: Mama, usiku huo mimi nililala kanisa Katoliki la Likoni na mke wangu na mtoto mchanga. Duka langu la kwanza lilichomwa.

MAMA: Najua, baba. Nilikuletea chai.

FUNDI: Uliniletea. Lakini nikikwambia ukweli, wiki ile ningesikia vijana wamevunjwa vidole ningesema vizuri. Hata kama ni ndugu yako. Sikutaka kujua nani ni nani.

MZEE: Hivyo ndivyo homgadi anavyozaliwa.

FUNDI: Na ndivyo mtu wa msituni anavyozaliwa, Mzee. Ndugu yake Mama angekuwa na roho nyepesi angeingia porini siku alipotoka.

Ripoti za haki za binadamu na Tume ya Jaji Akiwumi zimeyaandika mashambulizi ya Likoni pamoja na malalamiko ya mateso ya waliokamatwa. Siyaweki sawa na Manyani. Ukubwa haulingani na sababu hazilingani. Ila Mama ametuondolea starehe ya kulihukumu jambo la zamani.

WAKILI: Nikujibu, Mama. Hakuwa mateka wa vita, maana vita havikuwapo kisheria. Alikuwa mtuhumiwa, na mtuhumiwa ana haki nyingi kuliko mateka. Alitakiwa afikishwe mahakamani au aachiliwe.

MAMA: Haki nyingi, na vidole havikunjiki.

MWALIMU: Kuna kilicho karibu zaidi na vita kamili, nasi Wakenya hatukitaji. Vita vya Shifta, 1963 hadi 1967. Wasomali na wengine wa kaskazini walitaka kujitenga, na serikali yetu, uhuru haujamaliza hata mwezi, ikatangaza hali ya hatari. Serikali hiyo ilikuwa na watu waliowahi kufungiwa. Mzee Kenyatta mwenyewe alikuwa ametoka kizuizini 1961. Nao wakafanya nini? Wakawakusanya raia katika vijiji vilivyolindwa, kama Waingereza walivyowakusanya Wakikuyu. Mifugo ikauawa. Aliyeshikwa aliitwa jambazi, kwani hiyo ndiyo maana ya shifta. Hakuna aliyeitwa mateka. Vikaisha kwa mapatano ya Arusha, Oktoba 1967, Rais Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi.

WAKILI: Na mwaka 1970 bunge likapitisha Sheria ya Kinga: afisa wa serikali hashtakiwi kwa alichofanya kati ya Desemba 25, 1963 na Desemba 1, 1967 katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, ilimradi alikuwa kazini kwa nia njema.

MZEE: Tana River. Hola ile ile.

WAKILI: Na Lamu, ambako Manda iko. Mwingereza alipelekwa mahakamani miaka 50 baadaye. Sisi tulifunga mlango wa mahakama mapema.

Hapo baraza lilitulia kidogo. Mtu akataja Kongo, kwa kuwa Kiswahili cha Goma husikika hata kwenye simu za Likoni siku hizi. Baada ya waasi wa M23 kuuteka mji huo Januari 2025, mamia ya askari na polisi wa serikali walionyang'anywa silaha walikwama katika vituo vya Umoja wa Mataifa. Mwishoni mwa Aprili Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ikaanza kuwasindikiza pamoja na familia zao hadi Kinshasa. Septemba, huko Doha, pande mbili zikakubaliana utaratibu wa kubadilishana wafungwa, Msalaba Mwekundu ukiwa katikati. Kinshasa iliendelea kuwaita waasi magaidi. Orodha za majina zilianza kuandaliwa hata hivyo.

MZEE: Hapo ndipo penye kazi. Nisikilizeni, nimelinda watu miaka mingi. Kitu cha kwanza kinachomlinda mfungwa ni daftari: jina lake, siku aliyoingia, hali ya mwili wake alipoingia. Cha pili ni mgeni: padri, shekhe, hakimu, mtu wa Msalaba Mwekundu, mama mwenye kikapu. Jela yenye daftari na mgeni, askari mbaya anajizuia. Jela isiyokuwa navyo, hata askari mzuri anaharibika. Manyani walipewa namba badala ya jina, na Msalaba Mwekundu haukuruhusiwa kuingia kambi za Kenya mpaka 1957, miaka minne na zaidi imepita.

WAKILI: Na wakaidi walibaki Hola hata baada ya hapo.

MZEE: Ndiyo, mgeni wa mara moja hatoshi. Lakini uongo wa maji ulivunjwa na nini? Daktari aliyepasua maiti na hakimu aliyechunguza vifo. Wageni.

FUNDI: Na aliyechinja Lari, naye aandikwe daftarini, aletewe mama na kikapu?

MZEE: Aandikwe. Kisha apelekwe mahakamani, ahukumiwe kwa Lari, si kwa bastola.

FUNDI: Sijui kama naweza kukubali hilo.

MAMA: Mimi nilikuletea chai na ndugu yangu yuko ndani. Unaweza.

Nitoe uamuzi wangu, maana mjadala bila uamuzi ni kahawa tu. Wakili alitaka haki ya aliyekamatwa itokane na jina la vita, na historia yote aliyoisimulia inampinga. Mkoloni alisema Hali ya Hatari, Nairobi ikasema majambazi, Kinshasa inasema magaidi. Anayetoa jina siku zote ni yule mwenye funguo, naye hatatoa jina litakalomfunga mwenyewe. Mzee, ambaye alivaa sare ya waliolaumiwa, ndiye aliyegusa penyewe. Na sisi Wakenya tunacho cha kushika. Kifungu cha 25 cha Katiba ya 2010 kinasema kutoteswa, na amri ya mahakama ya kumtoa aliyefungiwa aonekane, ni haki zisizopunguzwa kwa sababu yoyote. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Vifungu hivyo haviulizi kama ana hatia, wala kama ni wa bara au wa pwani.

Basi mtu wa mtaa wako akichukuliwa, awe umempenda au amekuchomea duka, swali la amefanya nini liache lisubiri hakimu. Nenda kituoni siku hiyo hiyo, dai jina lake liandikwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, chukua namba ya OB, taja hali uliyomwona nayo, na urudi kesho.